Maswali ya Wasomaji: Walinda Amani Wanalinda Nini?

SWALI: Ndugu Mhariri, katika kijiwe chetu cha kahawa hapa Ngamiani tumebishana tangu mji wa Goma ulipotekwa na waasi wa M23 mwezi Januari 2025. Umoja wa Mataifa una maelfu ya askari mashariki mwa Kongo, na vijana wetu wa JWTZ waliuawa kule Semuliki mwaka 2017 wakiwa na kofia hizo hizo za bluu. Kama hawawezi kuzuia mji usitekwe, wanalinda nini?
Mstaafu wa bandari, Tanga

JIBU: Mzee wetu, Umoja wa Mataifa hauna jeshi lake. Una Baraza la Usalama lenye wajumbe 15, watano kati yao wakiwa na kura ya turufu, yaani uwezo wa kuzuia uamuzi wowote, na Baraza hilo huandika azimio linaloeleza askari wafanye nini na wasifanye nini. Baada ya hapo ndipo serikali huombwa zitoe vikosi. Umoja huzilipa serikali hizo kiwango kimoja kwa kila askari bila kujali cheo, dola 1,400 na ushei kwa mwezi, lakini askari mwenyewe hubaki wa kwao, na kamanda anayetilia shaka amri aliyopewa hupiga simu kwao kwanza.

Wenzako kijiweni watakumbuka kwamba M23 waliuteka mji huo huo Novemba 2012, na walinda amani hawakuwazuia. Machi 2013 Baraza likapitisha Azimio namba 2098, lililounda kikosi cha askari wapatao 3,000 kutoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, chini ya Jenerali James Mwakibolwa wa Tanzania, na kukipa idhini ya kuyafuata makundi yenye silaha badala ya kungoja yashambulie. Kufikia Novemba mwaka huo M23 walikuwa wameshindwa. Sisi Watanzania hupenda kuishia hapo, na fahari hiyo ni ya haki, lakini mizinga haikufanya kazi peke yake: nchi wahisani zilikuwa zimezuia sehemu ya misaada yao kwa Rwanda, ambayo wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliitaja kuwa inaliunga mkono kundi hilo, ingawa Kigali ilikana. Safari hii shinikizo lilichelewa. Azimio namba 2773, lililoitaka Rwanda iondoe majeshi yake Kongo, lilipitishwa tarehe 21 Februari 2025, wakati Goma imekwisha kutekwa na Bukavu nayo imefuata.

Kwa maoni yangu, mashirika ya kimataifa hufanya vizuri zaidi pale yanapotuma wazee kuliko yanapotuma askari. Mwanzoni mwa 2008, ng'ambo ya Horohoro, Wakenya walipokuwa wakiuana baada ya uchaguzi, Umoja wa Afrika uliwakilishwa na Kofi Annan, Benjamin Mkapa na Graça Machel. Tarehe 28 Februari Mwai Kibaki na Raila Odinga walitia saini makubaliano ya kugawana madaraka mbele ya Rais Kikwete, aliyekuwa mwenyekiti wa Umoja huo. Hakuna kikosi cha kigeni kilichovuka mpaka. Ilisaidia, bila shaka, kwamba pande zote mbili zilikuwa na serikali ya kugawana. Kundi la msituni halina kitu cha namna hiyo cha kupoteza.

SWALI: Je, SADC, yaani Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika, inaweza kupigana bila ruhusa ya Umoja wa Mataifa kule New York?
Mwalimu wa sekondari, Bagamoyo

JIBU: Mkataba wa Umoja wa Mataifa, katika Sura ya Nane, unazitaka jumuiya za kikanda zipate idhini ya Baraza la Usalama kabla ya kutumia nguvu, isipokuwa serikali yenye nchi imewaita. Msumbiji iliwaita, na askari wa SADC wakakaa Cabo Delgado, kaskazini mwa nchi hiyo, kuanzia Julai 2021 hadi Julai 2024. Kongo nayo iliwaita, na askari wao wakaanza kuingia Desemba 2023. Kikwazo kikubwa ni fedha. Azimio namba 2719 la Desemba 2023 linaruhusu Umoja wa Mataifa kugharamia hadi asilimia 75 ya operesheni zinazoongozwa na Umoja wa Afrika, lakini kila ombi huamuliwa upya na Baraza lile lile, na operesheni za SADC yenyewe hazimo humo.