Ukishamteua msaidizi, usimfungulie mtu mlango wa nyuma

Nimefanya kazi ya msaidizi mkuu, yaani mtu wa pili kwa madaraka baada ya bosi, kwa wenye biashara kwa miaka mingi. Nikiulizwa kinachovunja uhusiano wa bosi na msaidizi wake, sitaji fedha wala tabia. Nataja mlango wa bosi.

Mfanyakazi anaomba likizo wiki ya kufunga hesabu. Msaidizi anakataa, kwa kuwa wenzake wawili tayari wako likizo. Yule mtu anamvizia bosi akiwa na furaha, anaomba upya, anapewa. Bosi anadhani ametenda wema, kumbe amemwachia msaidizi wake cheo kitupu. Kuanzia hapo kila "hapana" ya msaidizi itakatiwa rufaa.

Bosi mmoja niliyemheshimu sana hakuruhusu hilo. Ukimfikia na ombi linalonihusu, alikuuliza, "Umeshazungumza naye?" Ukisema bado, alikurudisha kwangu. Ukisema nimekataa, alijibu, "Basi imekataliwa." Jioni aliniita, tukafunga mlango, na kama hakuafiki alinieleza waziwazi. Safari nyingine nilibadili uamuzi, lakini niliutangaza mwenyewe.

Watu husema mafahali wawili hawakai zizi moja. Soichiro Honda, mwanzilishi wa kampuni ya Kijapani ya pikipiki na magari ya Honda, na mwenzake Takeo Fujisawa walikaa. Fujisawa alijiunga na kampuni hiyo mwaka 1949, mwaka mmoja baada ya kuanzishwa. Honda akashika uhandisi, mwenzake fedha na mauzo, na mwaka 1973 wakastaafu pamoja. Ninyi pia gawaneni, na muandike: nani anaajiri, nani anaachisha kazi, malipo ya kiasi gani msaidizi anaidhinisha bila kuuliza, na mambo gani lazima mjulishane siku hiyo hiyo. Binafsi siipokei kazi hii bila karatasi hiyo.

Nawe msaidizi, habari mbaya ipeleke mapema, bosi asije akaisikia kwa mteja. Usijijengee kambi. Ukipinga, pingia ndani, tena kwa nguvu zote. Mkishatoka, uamuzi ni wenu wote wawili. Hapa ndipo pagumu, maana wafanyakazi watakuuliza, "Hivi na wewe umekubali hili?" Wajibu, "Tumeamua hivi, na sababu ni hizi," kisha wape sababu za kweli.

Waanzilishi wengi hutafuta msaidizi anayefanana nao, anayechangamkia kila wazo jipya. Mimi nakushauri umchukue yule atakayeuliza nani atalifanya, lini, na kazi ipi tuliyo nayo sasa itasimama. Atakuchosha. Mpe nafasi ya kukuchosha kila wiki, mkiwa wawili tu na simu zimezimwa. Kikao hicho kikiahirishwa mara mbili mfululizo, mimi huingiwa na wasiwasi, kwa sababu hapo ndipo wafanyakazi wanapoanza kupata majibu mawili kwa swali moja.