Ukienda kutazama Cinerama, chagua kiti kwanza

Cinerama ni mfumo wa sinema unaorusha mikanda mitatu ya picha kwa projekta tatu kwa wakati mmoja, bega kwa bega, kwenye skrini moja pana iliyopinda. Watu wakisikia kwamba naipenda huniuliza waanze na filamu gani. Mimi huwaambia waanze na kiti. Kaa katikati kabisa ya safu, tena mbele zaidi ya ulivyozoea, mpaka kingo za skrini zikufikie pembeni mwa macho. Ukikaa nyuma utaona picha pana na nzuri, basi. Ukikaa mbele, mwili wenyewe utadhani unasafiri.

Fred Waller aliyebuni Cinerama alikuwa fundi wa mbinu za kamera katika kampuni ya filamu ya Paramount, Marekani. Aliamini kwamba ili mtu ajihisi yumo ndani ya picha, yale anayoyaona pembeni yana nguvu sawa na yaliyo mbele yake. Majaribio yake ya mwanzo yalitumia projekta 11. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia akaunda mtambo wa projekta 5 wa kuwafundisha wapiga bunduki wa ndege kulenga shabaha. Baada ya vita akashuka hadi 3, na tarehe 30 Septemba 1952, katika Broadway Theatre mjini New York, watu wakatazama filamu ya This Is Cinerama kwa mara ya kwanza. Picha ilikuwa na upana wa digrii 146.

Mimi niliiona Bradford, Uingereza, katika ukumbi wa Pictureville, ambao una skrini ya Cinerama tangu 1993. Usichelewe. Filamu huanza na mtangazaji wa Marekani, Lowell Thomas, akizungumza ndani ya kipicha kidogo cha rangi nyeusi na nyeupe, kwa muda mrefu kiasi kwamba wageni huanza kunong'ona. Wavumilie. Ghafla pazia hufunguka kushoto na kulia, linaendelea kufunguka, na wewe umo ndani ya kigari cha reli cha uwanja wa burudani wa Rockaways, kikiporomoka. Nimeona watu wazima wakishika mikono ya viti, safu nzima ikiinama upande mmoja kwenye kona. Kama wewe ni mtu wa kutapika kwenye basi, rudi safu chache nyuma na ukazie macho katikati.

Utaona mistari miwili ya kusimama pale picha tatu zinapokutana, hasa kwenye anga tupu. Itazame dakika chache za mwanzo uridhike, kisha iachie. Mafundi waliihangaikia sana: ndani ya projekta waliweka vibati vyenye meno kama chanuo, vinavyotikisika upesi ili kuufifisha ukingo wa picha. Kabla taa hazijazimwa, isogelee skrini ukiweza. Si kitambaa kimoja. Ni utitiri wa vipande vyembamba vilivyosimama wima, kila kimoja kimegeuzwa kidogo, ili mwanga wa upande mmoja usirudi kuchafua upande wa pili. Hapo ndipo mimi huona akili iliyotumika, kuliko hata kwenye filamu yenyewe.

Sauti nayo ina mkanda wake peke yake, wenye njia 7. Basi mkanda mmoja wa picha ukikatika, fundi huweka fremu nyeusi kwa idadi ileile iliyoharibika, la sivyo vyote vinapishana.

Gharama za kuendesha mitambo yote hiyo ndizo zilizouchosha mfumo. Mwaka 1953 CinemaScope ilileta picha pana kwa projekta moja tu, kwa lenzi iliyotokana na kazi ya Mfaransa Henri Chrétien, na kumbi nyingi zikaifuata. Kuanzia 1963 jina la Cinerama lenyewe likahamia kwenye filamu za mkanda mmoja wa milimita 70. Nazipenda hizo pia, lakini ni kitu kingine. Kwa hiyo kabla hujalipia tiketi na nauli, piga simu ukumbini uulize swali moja: leo mnawasha projekta ngapi?