Mama ana sukari na anaona ukungu: miwani isubiri kwanza

Dada, umeuliza kama umnunulie mama miwani kwa vile ana sukari na siku hizi anaona ukungu. Hizo pesa za miwani ziweke kwanza, lakini hospitalini mpeleke. Mimi nina sukari ya aina ya pili na ni fundi wa nguo hapa Kibuye, Kisumu, kwa hivyo macho ndiyo mkate wangu.

Sukari ikipanda, lenzi ya jicho huvimba, na ukungu huja na kwenda. Nilipoanzishiwa dawa sukari ikashuka, macho nayo yakayumba kwa wiki kadhaa: uzi ulioingia sindanoni asubuhi, jioni unagoma. Miwani ikipimwa wakati huo, sukari ikitulia haikufai tena.

Ila usije ukatulia kwa sababu ukungu umeondoka. Kinachopofusha kiko nyuma ya jicho, kwenye retina, ule utando unaopokea picha. Sukari hudhoofisha mishipa midogo ya damu, ikaanza kuvuja au kuziba, kisha jicho huotesha mipya ambayo ni dhaifu na hupasuka ovyo. Haiumi hata kidogo. Mimi nilisoma herufi zote za ukutani bila shida, na bado daktari akakuta mishipa inavuja. Kwa hivyo mkiambiwa tu "anaona vizuri", ulizeni kama nyuma ya jicho pameangaliwa kwa matone ya kupanua mboni. Mwenye aina ya pili hupimwa hivyo mara anapogundulika, halafu angalau kila mwaka.

Siku ya matone msindikize. Yanawasha kidogo, baadaye hata simu haisomeki kwa saa kadhaa, na jua la hapa linamwingia mtu machoni mpaka machozi. Kofia, miwani ya jua, na asipande boda peke yake.

Huku kwetu wengi huenda hospitali ya macho ya Sabatia, Vihiga. Kliniki ya sukari anayohudhuria mama inaweza kumwandikia barua ya rufaa.

Mimi nilipigwa leza, yaani mwanga maalumu wa kutibu mishipa hiyo. Unatiwa ganzi ya matone, kidevu kinakaa kwenye mashine, lenzi inawekwa juu ya jicho, halafu ni mimweko tu, pa, pa, pa. Leza huzuia uharibifu usiendelee. Usitarajie irudishe kilichokwisha kupotea. Katikati ya retina pakivimba, mara nyingi dawa ni sindano ya jicho. Najua sokoni wanasema sindano hiyo ndiyo inayopofusha. Wengi wa hao walienda wameshachelewa, lawama ikaangukia sindano.

Presha yake pia ifuatiliwe, maana huharibu mishipa hiyohiyo. Na sukari isipimwe ya asubuhi tu, aombe kile kipimo kinachoonyesha wastani wa miezi mitatu.

Akiona ghafla madoa meusi yanaelea, au kama pazia limeshuka upande mmoja, msingoje tarehe ya kliniki. Mpeleke siku hiyohiyo.