Ugali baada ya upasuaji wa kupunguza unene

Dada, umeuliza kama mtu aliyepunguzwa tumbo la chakula anarudi kula ugali na kuishi kawaida. Mama yangu alifanyiwa miaka mitatu iliyopita, tunaishi naye hapa Kisumu. Ugali anakula, ila tonge lake ni dogo kama ndimu, na samaki ndiye anayetangulia, maana protini ikipungua misuli nayo inaisha. Anatafuna polepole, sisi tunanawa mikono yeye bado. Maji hanywi na chakula, anangoja nusu saa.

Mwezi wa nne baada ya upasuaji nywele zilimkatika, akalia sana, lakini ziliota tena. Vitamini, hasa B12, pamoja na kupimwa damu ni mambo ya maisha yote, hapo usikubali kudanganywa. Na kama unapanga kushika mimba, ngoja kwanza miezi 12 hadi 18 baada ya upasuaji.

Kigumu zaidi kwake ni matanga na harusi. Anapakuliwa sahani imejaa, akibakiza wanadhani anaumwa, na hilo humuumiza kweli. Lakini magoti yamepata nafuu, dada! Jumamosi alitembea mwenyewe ufuoni Dunga, akachagua samaki wake, ngege, akarudi amebeba mfuko.