Gari likilala siku tano linagoma kuwaka: maswali ya wasomaji kuhusu magari

SWALI: Mafundi, salaam. Mimi ni mwalimu hapa Uyole, Mbeya. Probox yangu ya petroli hulala kuanzia Jumapili jioni hadi Jumamosi. Jumamosi nikipiga staata inazunguka kwa nguvu kabisa, lakini injini haishiki mpaka nirudie mara tatu au nne. Ikishawaka, siku nzima haisumbui tena. Niliambiwa ni baridi ya huku imeua betri. Nimenunua mpya na hali ni ileile. Nifanyeje?

JIBU: Pole mwalimu. Dalili uliyoandika inaiondoa betri tangu mwanzo. Betri iliyochoka huzungusha staata kwa kujivuta, au hutoa mlio wa ta-ta-ta tu. Staata yako inazunguka kwa nguvu, kwa hiyo umeme wa kuizungusha upo. Kinachochelewa ni kingine, na kabla hujatoa hela tena kipime.

Baridi tunaweza kuipa jaribio lake. Injini iliyolala usiku mmoja wa Julai hapo Uyole, alfajiri imeshapoa sawa na hewa ya nje. Siku tano haziwezi kuipoza zaidi ya hapo. Basi endesha gari Jumamosi, liache lilale, uliwashe Jumapili asubuhi. Likigoma vilevile, kosa liko kwenye ubaridi: tazama sensa ya joto la maji ya injini. Ichomoe soketi yake uipime kwa multimita, yaani kipimo cha umeme. Kwenye nyuzi 20 inatakiwa isome kati ya omu 2,300 na 2,600, na kwenye baridi zaidi namba hupanda. Ikisoma omu mia tatu wakati injini imepoa, inaidanganya kompyuta kwamba injini ni ya moto, na kompyuta inapunguza petroli.

Lakini likiwaka vizuri Jumapili na kugoma Jumamosi inayofuata, ujue kuna kitu kinachovuja polepole. Hapo ndipo shaka yetu ilipo. Ndani ya pampu ya mafuta, kule kwenye tangi, mna vali ndogo inayozuia petroli isirudi ukizima gari. Ikichakaa au ikiingiwa na uchafu, petroli hurudi tangini taratibu, na bomba hubaki na mvuke. Zile staata tatu za kwanza zinajaza bomba tu.

Wengi watakushauri ufungue na kufunga swichi mara tatu kabla ya kupiga staata, ili pampu ijaze bomba. Kwa magari mengi ni ushauri mzuri. Tatizo ni kwamba kwenye Toyota nyingi za rika la Probox, pampu haizunguki mpaka injini izungushwe, kwa hiyo jaribio hilo laweza kukupoteza. Wewe piga staata sekunde tatu, pumzika kumi, piga tena.

Ushahidi mzuri zaidi unatoka kwenye geji ya presha ya mafuta. Fundi aanze kwa kuchomoa fyuzi ya pampu na kuiacha injini iwake mpaka izime yenyewe, ili petroli isimrukie anapofungua bomba. Kisha afunge geji, arudishe fyuzi, awashe. Kwa injini ya 1NZ, iliyomo kwenye Probox nyingi za petroli, presha iwe kati ya kilopaskali 304 na 343. Azime, asubiri dakika 5: isishuke chini ya kilopaskali 147. Ikishuka, bado msikimbilie pampu, kwa sababu nozeli (kinyunyizi cha petroli kwenye injini) inayodondosha nayo huangusha presha. Tofauti yake ni kwamba nozeli humwaga petroli ndani ya injini. Gari likiwaka hutoa moshi mweusi na harufu ya petroli, na ukifungua plagi asubuhi kabla ya kuwasha utaikuta moja imelowa. Plagi zikiwa kavu zote, rudini kwenye tangi. Na mkishaitoa pampu, kagueni kwanza oringi zake (pete za mpira za kuziba) na regyuleta ya presha iliyokaa humohumo. Oringi iliyokakamaa huvujisha presha sawasawa na vali mbovu, na bei yake haifanani hata kidogo na ya pampu.

SWALI: Shikamooni. Niko Makete. Gari langu nikiliacha siku tatu, staata haizunguki kabisa mpaka nibusti. Betri ina miezi minane tu.

JIBU: Marahaba. Wewe ndiye wa betri, ila huenda betri yenyewe ni nzima na inanyonywa. Ichaji ijae, iache itulie saa kadhaa, upime: volti 12.6 imejaa, 12.2 imebaki kama nusu. Injini ikiwaka, isome kati ya 13.8 na 14.4. Pungufu ya hapo, tazama altaneta, ile inayochaji betri, na mkanda wake.

Sasa tafuta mnyonyaji. Funga milango, toa ufunguo, chomoa waya wa hasi wa betri, na uiweke multimita kati ya waya na kichwa cha betri, ikiwa kwenye tundu la ampea 10. Usipige staata wala usiwashe taa hapo, utaunguza fyuzi ya mita. Subiri nusu saa kompyuta zilale. Ampea 0.05 au chini yake ni kawaida. Ukikuta 0.5, hiyo ni ampea-saa 12 kwa siku, na betri ya ampea-saa 45 haimalizi siku nne. Chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ianguke. Anza na vilivyoongezwa baadaye: redio, alamu, kifaa cha kufuatilia gari. Mara nyingi ndivyo vyenye kosa, kwa kuwa waya wao umeungwa mahali penye umeme saa zote.

SWALI: Hiace ya dizeli, Iringa. Ikilala siku mbili inagoma, hasa nikiiegesha mlimani pua juu. Nipulize sprei ya kuwashia?

JIBU: Hapana, tafadhali. Sprei hiyo ikikutana na hita zenye moto, yaani plagi za kupasha joto injini ya dizeli, inaweza kulipuka kabla ya wakati na kuvunja pistoni. Tazama eksozi unapopiga staata. Moshi mweupe ukitoka, dizeli inafika ila haiungui: pima hita, kila moja isome kama omu moja au chini yake. Bila moshi wowote, dizeli haifiki, na kwa kuwa kuegesha pua juu kunazidisha, hewa imeshaingia kwenye njia ya dizeli. Bonyeza pampu ya mkono juu ya filta mpaka iwe ngumu, kisha washa. Ikiwaka mara moja, kagua mipira ya dizeli, klipu zake, mipira midogo ya kurudisha dizeli kwenye nozeli, na pampu hiyo ya mkono yenyewe. Kwenye mpira unaoushuku, unga kwa muda kipande cha bomba linaloonyesha ndani. Mapovu yatakuonyesha upande hewa inakoingilia.

SWALI: Je, kuliwasha dakika tano kila siku kunasaidia?

JIBU: Hakusaidii. Dakika tano hazitoshi kurudisha chaji yote iliyotumika, na injini isiyopata joto huacha maji kwenye oili na eksozi. Liendeshe nusu saa mara moja kwa wiki, au chomoa waya wa hasi.