Ovari ya Huyu Ndani ya Mwili wa Yule: Majibu kwa Wasomaji

Shikamoo Daktari. Nasikia ovari ya mnyama mmoja inapandikizwa kwa mnyama wa aina nyingine. Mtoto akizaliwa si atakuwa chotara? (Msomaji, Dodoma)

Marahaba. Hapana, hawi chotara. Ovari ni kiungo cha jike kinachotunza mayai, na yai hubeba vinasaba vya jike aliyelitoa. Aliyepandikizwa hulipatia yai damu na homoni tu, basi. Mwaka 2002 watafiti wa Australia walipandikiza ovari za panya wadogo wa maabara kwa panya wakubwa. Kwa Kiswahili wote tunawaita panya, ila ni spishi mbili tofauti kabisa. Mayai yalikua humo, yakatolewa, yakarutubishwa maabara, na viinitete vikapandikizwa kwenye matumbo ya uzazi ya panya wadogo. Waliozaliwa walikuwa panya wadogo halisi, na walipokua nao wakazaa.

Mbona mwili haukikatai kipande hicho cha ovari ya mwingine? (Msomaji, Mombasa)

Huchaguliwa mnyama mwenye kinga hafifu. Wanaotumika sana ni panya wanaozaliwa bila tezi ya thaimasi, ile inayokomaza seli za kinga; hawana hata manyoya, na hufugwa kwenye vizimba safi mno maana kijidudu kidogo tu huweza kuwaua. Ovari hukatwa vipande vidogo kama chembe ya mchele. Mtafiti hutoboa utando mwembamba unaofunika figo, kisha hukitelezesha kipande chini yake. Figo imejaa damu, ndiyo maana hupendwa.

Hata hivyo mishipa mipya huchukua siku kadhaa kukifikia kipande, na katika siku hizo vifuko vingi vya mayai hufa kwa kukosa hewa. Ovari nyingi hugandishwa kwanza ili zihifadhiwe, lakini hasara hii ni kubwa kuliko ya kugandisha kwenyewe. Wengi wanaosimulia utafiti huu huipita mbio, nami naona ndiyo kiini cha shida.

Kwa nini tusifanye hivyo kuwaokoa Najin na Fatu wetu? (Msomaji, Nanyuki)

Swali lako limenigusa. Tangu Sudan, dume wa mwisho, afe Machi 2018, Najin na bintiye Fatu ndio faru weupe wa kaskazini waliobaki duniani. Kwa kuwa wako hai pale hifadhi ya Ol Pejeta, Kenya, mayai yalianza kuvutwa moja kwa moja kwa sindano mwaka 2019, na sasa anayetolewa ni Fatu peke yake. Mayai husafirishwa hadi Italia, yakarutubishwa kwa mbegu zilizogandishwa za madume waliokufa. Atakayebeba mimba ni faru mweupe wa kusini, na hata hapo mtoto atakuwa wa kaskazini.

Upandikizaji ungefaa zaidi kwa jike aliyekufa, kwa sababu ovari yake bado ina mayai machanga mengi yasiyoweza kuvutwa kwa sindano. Mwaka 1998 watafiti walichapisha kwamba tishu ya tembo wa Afrika, iliyokuwa imegandishwa, iliota ndani ya panya na vifuko vyake vikakua mpaka vikajaa maji. Kifuko kukua si ndama kuzaliwa, nakubali. Lakini naumia kila jike wa spishi iliyo hatarini anapozikwa na ovari zake, wakati zingeweza kutolewa na kugandishwa siku ileile.

Mdogo wangu ana miaka 19, ana saratani. Je, mayai yake yatakuzwa ndani ya panya? (Msomaji, Kigoma)

Poleni sana. Hapana. Kipande cha ovari yake hutolewa na kugandishwa kabla ya matibabu, na akipona anarudishiwa yeye mwenyewe. Mwaka 2004 mtoto wa kwanza kwa njia hiyo alitangazwa Brussels na timu ya Jacques Donnez. Panya huhusika kwenye uchunguzi tu: katika saratani ya damu, seli za ugonjwa zinaweza kujificha ndani ya ovari, hivyo watafiti wamewapandikiza panya vipande vidogo waone kama utaibuka. Kwa baadhi yao uliibuka.

Kwa hiyo mwulizeni daktari wake mambo mawili: ni saratani ya aina gani, na je, dawa alizopangiwa huharibu ovari? Mwulizeni kabla hajatundikiwa dripu ya kwanza.