Jibu kwa mama aliyeuliza: mwanangu ana himofilia, nitamleaje?

Pole sana dada. Umesema mwanao wa miaka minne alivuja damu siku kadhaa baada ya tohara, vipimo vikaonyesha himofilia A kali, ugonjwa wa damu kutoganda vizuri, na sasa wakwe wanadai umewaletea mkosi wa kwenu. Mimi nina kijana mwenye himofilia hiyohiyo, yuko sekondari, tunaishi Tanga.

Nianze na hiyo lawama, maana najua inavyokunyima usingizi. Mwanao amezaliwa na upungufu wa fakta 8, protini inayosaidia damu kuganda. Hitilafu yake hukaa kwenye kromosomu ya X, na mtoto wa kiume huipata X kwa mama yake. Hakuna aliyerogwa. Na karibu theluthi ya wagonjwa hawana ndugu yeyote aliyewahi kuugua. Hitilafu imeanzia kwao au kwa mama zao. Waeleze wakwe hivyo, na wasithubutu kumpeleka mtoto kwa mganga. Chale ni jeraha, na mtoto huyu akikatwa kimeo anaweza kufa.

Sasa shika hili kuliko yote. Watu watakutisha kuhusu wembe, misumari na vipande vya chupa. Mkwaruzo mdogo ukiubana vizuri, mara nyingi damu husimama. Kinachowalemaza watoto wetu ni damu isiyoonekana, ile inayovujia ndani ya goti, kifundo cha mguu au kiwiko. Mwenye himofilia kali ana fakta chini ya asilimia 1 ya kawaida, kwa hiyo anaweza kuvuja ndani bila hata kuanguka.

Wangu alipokuwa mdogo alikuwa akisema, "Mama, goti linanitekenya." Ukiliangalia, huoni kitu. Baada ya saa chache limejaa, lina moto, ngozi inang'aa, mguu haukunjuki na mtoto analia ukigusa hata shuka. Ukingoja uvimbe ndipo uamini, umechelewa. Damu ikirudiarudia kiungo kilekile inakula gegedu, ule mfupa laini wa ndani ya kiungo, na mwisho goti linakakamaa. Kliniki nimewaona vijana wadogo kabisa wanatembelea magongo kwa sababu hiyo, na roho huniuma kila nikiwaona. Kwa hiyo mwanao akisema kinatekenya, au ukimwona anachechemea asubuhi bila sababu, mwamini. Apumzike, mguu uinuliwe, weka barafu iliyofungwa kwenye kanga, na fakta itafutwe mara moja.

Fakta yenyewe ni unga ulio kwenye kichupa. Unachanganywa na maji yake, unazungusha kichupa taratibu viganjani, usikitikise, mpaka dawa iwe angavu, kisha inaingia kwenye mshipa polepole. Baada ya saa 12 hivi nusu yake imekwisha mwilini, ndiyo maana goti lililojaa haliponi kwa dozi moja. Omba wakufundishe kuchoma wewe mwenyewe. Mikono itatetemeka mwanzoni, lakini utazoea. Ukipewa ya kukaa nayo nyumbani, iweke kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, isigande. Muhimbili wana kliniki ya himofilia, na dawa nyingi huja kwa msaada wa Shirikisho la Himofilia Duniani, hivyo jiandikishe mapema mtoto aingie kwenye hesabu. Waulize pia kuhusu emicizumab, sindano ya chini ya ngozi inayozuia kuvuja.

Akigonga kichwa, fakta kwanza, vipimo baadaye. Hata kama amenyamaza na anacheza.

Zahanati ya mtaani mwambie nesi kabla hajashika sindano: asichomwe kwenye msuli, yaani takoni wala pajani. Chanjo apate zote, ila kwa sindano nyembamba, na pale palipochomwa pabanwe kwa dakika kadhaa. Akiumwa mpe panadoli. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni zisiingie nyumbani kwako, maana zinazidisha kuvuja. Mimi natembea na barua ya daktari kwenye pochi, kwa kuwa wahudumu wengi hawajawahi kumwona mgonjwa wa aina hii na wengine hudhani mama anajifanya mjuaji.

Shule nayo ina mambo. Nenda kwa mwalimu mkuu na barua kabla ya siku ya kwanza, useme wazi kwamba mtoto huyu hachapwi viboko, wala hapigwi fimbo ya kiganja, kwa sababu msuli unaweza kujaa damu. Lakini usimfungie ndani. Misuli ikiwa na nguvu inalinda viungo. Mpira wa kugongana hapana. Kuogelea ndiyo, na sisi watu wa pwani tuna bahari bure.

Umeuliza pia kuhusu binti yako mkubwa. Mpeleke akapimwe kiwango cha fakta kabla hajavunja ungo. Ikiwa umeibeba hitilafu hii, naye anaweza kuwa nayo, na baadhi ya wasichana hao hutokwa damu nyingi mno mwezini, halafu huambiwa wavumilie tu. Wa kwangu alipimwa akakutwa na kiwango cha chini, na sasa hata jino hang'olewi mpaka daktari wake wa damu ajulishwe.